Mama Hanijui Nikinyooka

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Baba Mdogo kile kifua kimemwachia? Na mapacha wako, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Sisi huku tu wazima, ukiacha jambo moja ambalo ndilo lililonikalisha niandike.

Kwanza mimi. Operesheni ya mgongo ilikwenda salama, nashukuru. Uti uliokuwa ukipinda tangu nikiwa darasa la sita sasa umeshikwa na vyuma viwili na skrubu zake. Siinami, sijipindi, sinyanyui ndoo. Kitandani najigeuza mzima mzima kama gogo. Ngozi ya mgongoni imekufa ganzi. Ukinigusa pale, ni kama unamgusa mtu mwingine. Nimerefuka pia, na Kaka ananiita Mlingoti. Huyo hata mgonjwa hamwachi.

Shida ni Mama.

Unaikumbuka ile sanamu ya kupimia nguo iliyo karibu na cherehani yake? Miaka yote ameitumia kunishonea mimi. Aliijaza matambara mgongoni upande wa kulia, akaishusha bega la kushoto, mpaka ikawa mimi mtupu. Nilipolazwa aliivalisha gauni langu, akaifunga mtandio shingoni, akawa anazungumza nayo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini nilipoambiwa hayo nilicheka.

Niliporudi sikucheka. Mama alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Karibu, binti. Pole na safari." Kisha akaenda kufunga dirisha, sanamu isipigwe na upepo.

Tangu hapo ananiuguza vizuri mno, kama mgonjwa wa watu. Ananiogesha, ananikorogea uji, ananiuliza kama kwetu wanajua nilipo. Usidhani akili zimemruka: chenji ya wateja hakosei, wala mshono haumpotei. Ila lile jina la Kitinda, ambalo yeye peke yake huniita, sasa anaiita sanamu. Kaka alimwambia, "Mama, huyu ndiye mwanao, amenyooshwa tu." Akajibu bila hasira, "Mwanangu namjua. Nimemshonea tangu mdogo." Nililia, Mama Mdogo, wala sioni haya kukuambia.

Wiki mbili zilizopita alimaliza gauni jipya. Akaniomba nilijaribu kwa niaba ya Kitinda, maana Kitinda kachoka kusimama. Nikavaa. Pindo la kushoto likapanda juu, la kulia likaning'inia chini. Mama akalitazama, uso ukamsinyaa. "Nguo ya mwenyewe haikukai, binti."

Sijui nini kilinituma. Mgongo wangu haupindi tena, lakini goti linakunjika. Nikalikunja la kushoto, bega likashuka, pindo likalingana.

Mama aliangusha mkasi. "Kitinda! Ulikuwa wapi, mwanangu?" Akanikumbatia, na mkono wake ukaenda moja kwa moja mgongoni kutafuta nundu. Sikuuhisi, lakini nilimwona kwenye kioo akipapasa palipo bapa, huku anatabasamu.

Sikunyoosha goti mpaka alipotoka chumbani. Kesho yake nikalikunja tena, na kila siku tangu hapo, kwa sababu aliniita jina langu nikiwa bado kitandani. Sanamu ameivua nguo na kuigeuzia ukutani. Nilikuwa na furaha, usinicheke. Daktari anaitazama picha ya eksirei, anasema mgongo umenyooka kabisa, haelewi kwa nini nachechemea. Nami namjibu kwamba sielewi.

Njoo, Mama Mdogo. Wewe ni damu yake, pengine atakusikiliza. Njoo upesi, maana jana Mama alikwenda sokoni, nikabaki peke yangu nyumbani, hakuna wa kunitazama, na nikajikuta natembea vilevile, goti limekunjika.

Nisalimie Baba Mdogo na mapacha, na Shangazi Mnene mkionana. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape na usingizi mwema.

Mwanao akupendaye daima,
Kitindamimba wa dada yako.