Injini Uliyoiacha Kitengela

Fundi wangu,

Miaka minne tangu tukuzike sijakuandikia. Leo niko na jambo la kukiri, na wewe ndiye wa kulisikia.

Unakumbuka ile injini ya ndege ndogo tuliyoifungia kwenye sanduku la mbao, mimi nikiwa mwanafunzi wako wa mwisho? Imepata kazi. Daktari mmoja wa mifugo kule Bisil ana ndege ambayo injini yake imechoka, na mke wako, Mama Kariuki, amekubali yako iende. Akasema itatayarishwa na mimi au haitoki. Nililia kwenye simu, Fundi. Kisha nikabeba vifaa vyangu nikaja Kitengela.

Mwanao Kariuki ndiye alinifungulia stoo. "Hakuna mtu ameigusa tangu Mzee aende," akaniambia. "Iko vile mliiacha."

Haikuwa vile tuliiacha. Misumari ya sanduku ilikuwa mipya. Halafu vizibo. Wewe ndiye ulinionyesha: kila tundu la plagi linazibwa na kizibo cha plastiki chenye chembe za kunyonya unyevu, za bluu zikiwa kavu, pinki zikishashiba. Baada ya mvua zote hizo nilitarajia pinki tupu. Zilikuwa bluu, zote, kana kwamba tumeziweka jana.

Nani anafungua sanduku kama hilo kisha anadanganya? Nilijua Kariuki alishataka kuiuza mara mbili, mama yake akakataa. Nikajiambia, ametoa silinda nzuri, ameweka mikweche.

Sikumwambia kitu. Nilichukua kile kitabu cha injini ulichokuwa ukiandika kwa mkono wako, nikalinganisha namba moja moja. Silinda, magneto za kutoa cheche, kila kitu kililingana. Badala ya kutulia nikazidi kushuku, nikawaza hata namba zinaweza kugongwa upya. Nikaingiza kamera ndogo kwenye matundu ya plagi. Ndani safi, hakuna kutu, oili yetu ya kuhifadhia bado inang'aa kwenye kuta. Kariuki akaja na chai. "Uko sawa, Naisiae?" Nikamjibu kwa mkato, na chai ile sikuinywa. Ndiyo, Fundi. Chai ya nyumbani kwako.

Siku ya tatu, kabla ya kufunga kabureta, nilimulika tochi kwenye njia ya hewa nikaona kitu chekundu. Nikakivuta kwa koleo. Kilikuwa kitambaa, kimeshindiliwa ndani kabisa. Wazia injini inakifyonza ndege ikiwa juu na watu.

Nikaenda nacho mpaka jikoni. Mbele ya mama yake nikamuuliza Kariuki, "Ulitaka kuua nani?" Nikamwita mwizi. Niliongeza mengine ambayo siwezi kukuandikia.

Mama Kariuki ndiye alichukua kitambaa, akakikunjua taratibu juu ya meza.

"Hii ni kitambaa yangu ya kichwa," akasema. "Panya walikuwa wanaingia."

Ulikuwa umemwagiza, kumbe. Zile chembe zikigeuka pinki, azikaushe kwa sufuria, moto kidogo. Kariuki akienda kazini Kajiado, mama huyu alichukua nyundo, akang'oa misumari, akakausha, akarudisha, akapigilia mingine. Kila msimu wa mvua. Hakumwambia mwanawe kwa sababu aliogopa ataambiwa aachane na hivyo vyuma vya marehemu.

"Mzee aliniambia nifanye," akasema. "Hakuniambia niache lini."

Nilitaka sakafu inimeze. Kariuki alitoka nje, akasimama kwenye upepo kando ya ua. Nilimfuata nikamwomba msamaha. "Ungeniuliza tu," akasema. Njia nzima ya kwenda Bisil, tulipoipeleka injini mimi, yeye na mama yake, hakuniongelesha.

Tuliifunga kwenye ndege. Niliizungusha propela kwa mkono, plagi zikiwa nje, mpaka oili ya zamani ikatoka. Nikaweka mpya, nikaizungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikapanda, ndipo nikarudisha plagi. Iliwaka mara ya pili. Moshi mweupe mwingi, kisha ukakatika, kisha ule mngurumo wako. Mbuzi wa jirani walitawanyika. Mama Kariuki alishika masikio akicheka na kulia, na Kariuki akaja akasimama upande wangu. Nilipoizima nilikata chujio la oili kutafuta chembe za chuma, dalili ya injini kusagika ndani. Sikupata hata moja.

Kwenye kitabu chako, chini ya mwandiko wako, nimeandika kwamba injini hii ilitunzwa na Mama Kariuki, kwa jina lake kamili. Alisoma mara tatu.

Pumzika, Fundi. Vyuma nitaendelea kuvishuku kama ulivyonifunza. Watu, nakuahidi, nitawauliza kwanza. Na Jumapili hii ninarudi Kitengela kunywa ile chai, ikiwa Kariuki atanimiminia.

Mwanafunzi wako,
Naisiae