Nilichokifunga kwenye Jiko la Mtoto Wako

Mwanangu Veneranda,

Ulipokuwa chuoni Mwanza nilikuwa naanza barua kwa kukuuliza hali, kisha ukurasa mzima wa salamu za majirani. Leo naanza na mtoto, maana najua ndiye unayemuulizia. Yupo. Anapumua. Nimetoka kumwangalia sasa hivi, na kabla ya kumaliza ukurasa huu nitanyanyuka tena. Naogopa, mama. Tangu tukuzike naogopa hata usingizi wake. Akilala sana nadhani amekufuata.

Ulimshika kidogo tu. Ukasema, "Mama, mbona mwepesi hivi?" Mimi nilikuwa natazama damu. Alikuja kabla ya miezi yake. Muuguzi wa zahanati alimzungushia pamba, akanikabidhi, akaniambia, "Huyu akipoa mmempoteza. Akipata joto kali pia mmempoteza. Na moshi wa mafiga usimfikie." Nikamuuliza sasa nimweke wapi, mfukoni? Hakucheka.

Baba yake yuko vitani. Hajui kama amepata binti, wala hajui kama amekupoteza wewe. Jina linamsubiri yeye. Mimi kwa sasa namwita mke mwenzangu, kama bibi yangu alivyoniita mimi.

Unazijua hizi nyumba tulizohamia tulipoingia kijijini, upepo unaingia kama mgeni asiyepiga hodi. Mvua za masika zimekuwa kali. Mafuta ya taa hayapatikani hata Lusahunga, malori yanapita na askari tu. Basi kaka yako Gervas akafanya kitu. Niache nijisifu kidogo, Vene, hata hapo ulipo utacheka. Watu wamezaa watoto, mimi nimezaa fundi.

Alikwenda kwa wapasua mbao akaleta magunia ya unga wa mbao. Mimi nikaukanda na uji wa muhogo, nikafinyanga tembe ndogo ndogo, nikazianika. Yeye akatengeneza jiko la madebe mawili. Tembe unazijaza juu, zinashuka zenyewe kidogo kidogo kwenye moto, moshi unatoka nje kwa bomba. Chumba kikapata joto. Lakini likawa joto lisilo na adabu, mara linapanda, mara linashuka, nami nashinda nafungua na kufunga mlango wa hewa huku nampapasa mtoto miguu.

Ndipo akakumbuka ile mashine ya kuangulia vifaranga ya mradi wa kijiji, iliyokufa kwa kukosa mafuta. Aliomba kwa katibu, akaruhusiwa. Ndani yake akatoa kidude cha shaba, bapa, kama kifungo cha koti. Akakitundika karibu na kitanda cha mtoto, akakiunganisha kwa waya mpaka kwenye mlango wa hewa wa jiko. Chumba kikipata joto la kutosha kidude kinavimba, kinasukuma waya, mlango unajifunga, moto unalala. Baridi ikirudi kinanywea, mlango unafunguka. Hakuna mtu anayegusa. Nilikaa nikakitazama kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Gervas akaniambia, "Mama, kisikutishe. Kazi yake ni moja tu, kuhisi. Wewe kiache kihisi."

Kiache kihisi. Maneno mawili, na mimi nina cheti cha kisomo cha watu wazima.

Nikatangaza, Vene. Unanijua. Kisimani nilitangaza, kwenye shamba la kijiji nilitangaza, nikasema hata Wazungu wangekuja kuchungulia. Mama Lubango, yule Msukuma wa nyumba ya tatu anayetupatia maziwa ya mtoto, akasema, "Mama Vene, wewe hata msibani unajisifu." Nikamwambia msiba ni wangu na sifa ni zangu. Wakaja kuangalia, wengine kutoka Nyakahura kwa miguu. Wanakitazama kidude, wanamtazama mtoto. Siku ya nne akaja mama mmoja nisiyemfahamu. Akasimama muda mrefu. Akasema, "Kitoto kizuri. Na kidude kizuri. Hapa hamkosi kitu." Akaondoka bila kutema mate hata kidogo, bila kusema kamtoto kabaya, kama tunavyosema sisi kwa mtoto mchanga ili kijicho kisimpate.

Sikupata amani tena. Nikajiambia nimewaita mimi mwenyewe wenye macho waje kwa mke mwenzangu. Kesho yake asubuhi Gervas akiwa mazoezini, mazoezi ya mgambo, nikachana kipande cha kanga yako ya kijani. Nikakizungushia kidude chote mara tatu, nikakaza fundo, ili atakayeingia asikione. Mtoto nikamfunika vizuri. Nikaona nimefanya jambo la mama mwenye akili. Nikatoka uani kupepeta maharage.

Sijui nilikaa kiasi gani. Maharage yalikuwa karibu yaishe. Nilichosikia ni kimya. Nikaingia, na joto likanipiga usoni kama nimefunua chungu. Jiko lilikuwa linanguruma. Fundo langu lilikuwa limebana waya, kidude kimevimba humo ndani hakina pa kusukuma, mlango wa hewa wazi kabisa. Mtoto amekuwa mwekundu, mkavu, mdomo wazi. Halii. Utosi umebonyea. Nilimwita kwa jina lako, Vene. Nilimwita Veneranda.

Nikamtoa mlangoni, nikamvua, nikamdondoshea mdomoni maji ya uvuguvugu kwa pamba, tone moja moja. Nilihesabu matone maana nisingeweza kuomba. Baada ya muda akakunja uso. Kisha akalia, kilio kidogo kama cha mtoto wa paka, nami nikakaa naye kwenye tope.

Sasa sikiliza nililofanya baadaye, hili ndilo lililonikalisha niandike. Nilimsikia Gervas anakuja mbio, kelele zangu zilimfikia njiani. Nikaikata kanga kwa kisu, nikaificha kifuani. Alipoingia nikamwambia jiko limewaka lenyewe.

Alikikagua kidude siku mbili. Anakipasha, kinavimba. Anakipoza, kinanywea. Kizima. Hali chakula, hanisemeshi. Jana akaniambia, "Mama, chombo kikiharibika nakitengeneza. Hiki sikielewi kilichokisibu. Siwezi kuondoka nikamwachia mtoto kitu nisichokielewa." Ameitwa, Vene. Kesho kutwa anapanda lori na wenzake kwenda kule kule vitani. Leo amekwenda kufuata unga wa mbao, akirudi anakichomoa. Anataka turudi kwenye kufungua na kufunga kwa mkono. Kwa mkono wangu, mimi peke yangu, na macho haya ya usingizi unayoyajua.

Ninaogopa nikinyamaza. Siku moja nitasinzia, mtoto atapoa, na muuguzi alishaniambia. Ninaogopa pia nikisema. Atasema mtoto hawezi kuachwa na mimi. Atabaki, na watakuja kumchukua kama mtoro, mwanangu fundi, wampitishe mbele ya watu wale wale niliowaita waje kumsifia. Na akienda akiamini mikono yake ilimchoma mtoto wa dada yake, atashika nini huko vitani kwa mikono hiyo?

Nimezunguka na hilo tangu asubuhi. Nimeona kwamba kidude kinamlinda mtoto kuliko mimi, na kinachokitoa ukutani ni uongo wangu tu, si kingine.

Nimekwenda kumwangalia. Miguu ina joto zuri. Amekunywa vijiko vitano vya maziwa ya Mama Lubango, naye nimeshamwambia yote. Alinitazama, akasema, "Basi nitahamia hapa mpaka vita iishe, tulindane wenyewe kwa wenyewe." Wa kwanza kuambiwa amekuwa yeye. Wa pili ni wewe, mama yake mtoto, uliyekuwa na haki ya kuwa wa kwanza. Unisamehe kama huko kunasamehewa.

Namwona Gervas anateremka njiani na gunia kichwani. Lala, mwanangu. Nakuahidi hatashika koleo kabla sijasema, na nitasema kabla hajatua gunia, maana akilitua na kunitazama nitaanza kujisifu. Mlango nimeshaufungua.

Mama yako.