Oveni ya Wifi

Shoga, nimeumbuka! Unaikumbuka ile oveni ya umeme ya wifi iliyoninyima usingizi? Leo nami nimenunua, tena kubwa kuliko yake.

Nikaichomeka kwenye ekstensheni moja na friji na birika la umeme. Nikamwita wifi aje aone, roho imuume.

Hata hajakaa vizuri, ekstensheni ikaanza kuyeyuka na kufuka moshi! Mimi napiga kelele, yeye huyo, kakimbilia swichi kubwa, kazima.

"Wifi, utatuunguza! Oveni inataka soketi yake peke yake. Fundi aliniambia nyaya zangu haziiwezi. Yangu sijawahi kuiwasha, natunzia sufuria."

Sufuria, shoga! Hajawahi kuiwasha!

Na bado namwonea wivu. Sufuria zake hazinuki moshi.