Sikio la Bibi Kabula

Mjukuu wangu Masanja,

Mwangaluka. Huku Nkoma tupo hivyo hivyo. Mvua imechelewa na ng'ombe wamekonda. Umeuliza kwa nini bibi yako Kabula, dada yangu, ana sikio nusu.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, tulichuma pamba kutwa nzima juani. Kabula, mwenye ualbino, akatokwa na kidonda sikioni. Maganda ya pamba yalitukwaruza sote, basi mama akampaka samli kama alivyotupaka sisi. Kikawa kinakauka, kisha kinatoka damu tena.

Daktari wa Bariadi alimuuliza mama, "Mikwaruzo ya hawa wengine ilipona lini?"

"Wiki ileile."

"Na hiki?"

"Hiki bado, daktari." Walikata kinyama kidogo, kikapimwa Mwanza: saratani ya ngozi, ya jua. Wakaondoa nusu ya sikio, akapona.

Tangu hapo Kabula akiona kidonda haulizi kimetokana na nini. Anauliza kimeanza lini. Jana kaniuliza kuhusu hiki changu cha mguuni. Nikamwambia sikumbuki, na safari ya hospitali itanichosha. Hakubishana nami. Ameshatafuta kofia yake, kesho ananipeleka Bariadi.

Ni mimi babu yako.