Theluthi Yangu ya Kitabu cha Mwalimu

Jumapili, Meru. Tangu asubuhi mvua inatishia tu, hainyeshi na haiondoki. Mimi pia niko hivyo hivyo. Nimekaa, nimesimama, nimefagia duka ambalo lilikuwa limeshafagiliwa.

Mliniuliza kwenye maoni siku hizi nasoma nini. Nasoma theluthi moja ya kitabu. Ile ya katikati.

Wacha nieleze kabla hamjanihukumu, maana leo nimehukumiwa vya kutosha.

Wanaonifahamu wanajua nauza ndizi hapa Majengo, nazitoa Mitunguu mwenyewe. Jumapili alasiri watu wanne tunakaa nyuma ya duka langu, kila mmoja anasema amefika wapi kwenye kitabu na anakionaje. Mwalimu Kathure, aliyestaafu, ndiye alianzisha. Siku moja alinikuta nikisoma kipande cha gazeti la kufungia bidhaa, akaniambia, "Ukimaliza hicho, nikupe kitu chenye mwisho." Mimi niliyeacha shule kidato cha pili! Hakuna mtu alikuwa amewahi kufikiria kwamba nataka kujua mwisho wa kitu.

Sasa, kitabu ni kimoja, ni cha Mwalimu, na madukani hakipatikani tena. Ni hadithi ya mjane anayeitwa Zubeda, mwenye hoteli kando ya stesheni ya reli, na stesheni masta anayekuja kunywa chai kwake kila jioni. Tuliamua kizunguke kama pesa za chama, mmoja akimaliza ampe mwenzake. Wa kwanza akawa Gitonga, karani wa ofisi fulani hapa mjini.

Gitonga alikaa nacho miezi miwili. Kila Jumapili ni, "Nakaribia, Mama Mwenda." Alikuwa anakaribia wapi? Nikapiga hesabu: kwa mwendo huo Halima angekipata Pasaka na mimi Krismasi. Na Mwalimu alikuwa Embu, mtaa wa Majimbo, kumwangalia binti yake aliyejifungua. Hakukuwa na wa kuuliza.

Au niseme ukweli. Simu ilikuwepo. Sikuuliza.

Nikafanya vile huwa tunafanya na ng'ombe wa Krismasi. Majirani mnanunua fahali mmoja, mnamkata, kila nyumba inabeba fungu lake, na hakuna anayengoja jirani ashibe kwanza. Nikampokonya Gitonga kitabu, nikachukua kisu cha kukatia mikungu, nikakigawa mara tatu. Nikapima kila fungu kwenye mizani ya duka mpaka yakalingana. Nikayafunga kwa karatasi ya kaki, vizuri kabisa. Halima akapata mwanzo, mimi katikati, Gitonga mwisho.

Na ilifanya kazi! Hilo ndilo linaniuma. Halima, ambaye mumewe ana bucha hapo mbele, alimaliza fungu lake mbio mbio. Leo amekuja akiwa amempenda stesheni masta kabisa. "Mwanamume mstaarabu," anasema. "Anabisha hodi hata kwenye hoteli!" Mimi niliyesoma katikati nikamwambia, ngoja tu, utaona hodi zake.

Mwalimu, aliyerudi jana, alikuwa amekaa kwenye kreti akicheka mpaka anajifuta macho. Aliona kila mtu ana kaki yake, akadhani tumepata nakala nyingine mahali.

Ikaja zamu ya Gitonga. Akajikohoza. "Kitabu kinagusa masuala mtambuka ya jamii."

"Taja moja," Halima akamwambia.

"Yako mengi."

"Basi tuambie tu, kwako Zubeda ameolewa ama bado?"

"Zubeda ni nani?"

Wueh! Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Na ni katika kicheko hicho Mwalimu alinyoosha mkono, akachukua kaki ya Gitonga amwonyeshe Zubeda ni nani. Akaifungua. Ikaanzia katikati ya sentensi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliyachukua yale mafungu mengine mawili, akayapanga juu ya mapaja, akayabana kwa viganja viwili yashikane. Yakakataa. "Mama alipopofuka, hiki ndicho nilikuwa namsomea," akasema. "Kikiisha, ananiambia nianze tena." Akayatia kwenye kikapu akaondoka. Chai yake hakuimaliza.

Halima akakunja leso yake polepole. "Dada yangu, hata sisi wa bucha tunamuuliza mwenye ng'ombe kwanza."

Nina hasira. Nina hasira na Gitonga, ambaye alipewa mwisho wote na hakuufungua. Nina hasira na Mwalimu pia. Kama kitu kina uzito huo, unakiachaje mikononi mwa karani? Angesema. Mtu akikupa kitu bila maelezo, si unakitumia?

Halafu nina hasira na ile mizani. Ningekata mahali sura inapoisha. Niliona kabisa sura inaishia wapi, lakini mafungu hayangelingana, na mimi nilitaka haki. Nyumbani kwetu nilikuwa wa mwisho kuzaliwa na wa mwisho kupakuliwa. Tangu nianze kujitegemea sijawahi kugawa kitu kwa kukisia.

Fungu langu linaishia hapa: treni imeingia, Zubeda ameinua taa, na mtu wa kwanza kushuka alikuwa.

Basi. Alikuwa nani? Wiki nzima nimeuza ndizi nikiwa kwenye hiyo stesheni.

Sasa hivi nikifagia (ndiyo, tena) nimekuta karatasi moja chini ya kreti aliyokalia Mwalimu. Kwa namba ya ukurasa ni ya kwanza ya fungu la Gitonga, gundi iliachia nilipokata. Mwalimu amebeba kitabu chote isipokuwa hii, na hii ndiyo inasema aliyeshuka ni nani. Nimeilaza kifudifudi kando ya mizani.

Fundi viatu wa hapa kona anashona kwa uzi wa nta. Nimeshampigia, anasema kitabu kinashoneka. Lakini kitabu kiko kwa Mwalimu, na mlango wa Mwalimu inabidi nibishe mimi, si fundi. Sijui kama atafungua. Hiyo "pole" nimejaribu kuisema peke yangu hapa dukani, inatoka kama ya mtu anayedai.

Nitaenda asubuhi kabla sijafungua duka. Nitampa karatasi yake, nimwambie sijaisoma, nimwombe anisomee yeye, huo upande wa kwanza tu. Sasa ili niseme sijaisoma, inabidi niwe sijaisoma.

Mvua bado haijaamua, lakini upepo umeanza na karatasi inainuka pembe. Nimeiwekea jiwe la mizani juu, lile kubwa.