Mama, Pasipoti Yangu Iko kwa Simiyu

Mama,

Nakuandikia nikiwa jikoni, katika nyumba hii ya Kanada ambayo hukuiona. Theluji imefunika nusu ya dirisha. Simiyu ameenda kazini. Tangu tukuzike Tongaren nimekuwa nikizungumza nawe kichwani tu, lakini kwa jambo hili kichwa hakitoshi.

Tulioana, Mama. Kitale, kanisani kwetu, dada zako wakipiga vigelegele mpaka mchungaji akalazimika kungoja. Kisha nikapata viza ya kutembea, nikaja kuishi naye. Sasa viza inakaribia kuisha na lazima tuchague namna ya kuniombea ukaazi kama mke wake. Njia ni mbili. Naweza kuomba nikiwa hapa hapa, tukae pamoja mpaka jibu litoke, lakini nikitoka nchini kabla ya jibu huenda nikazuiwa kurudi na ombi likafungwa. Ama nirudi Kitale, niombe kutoka huko, tungoje kila mtu kwake. Simiyu anataka ile ya ndani.

Mwanzoni hata mimi niliitaka. Nani ameolewa juzi akataka kulala peke yake? Kisha nikamwambia kwamba Desemba Baba na wajomba watajengea kaburi lako kwa saruji, na kwamba ningependa kuwepo. Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Kaburi haliendi mahali, mpenzi." Nilicheka, Mama. Nilicheka kwanza, ndipo nikasikia alichosema.

Unakumbuka alipokuja kwetu mara ya kwanza? Uliniuliza kama nitakula sasa ama nitangoja wengine. Yeye akajibu, "Atangoja." Ukaweka sufuria chini. "Si nimeuliza mtoto wangu?" Shangazi wakacheka. Wewe hukucheka.

Juzi tulimpigia simu wakili wa mambo ya uhamiaji. Akauliza mimi mwenyewe nataka njia ipi. Simiyu akasema, "Tunataka ya ndani." Wakili akaendelea na maswali mengine.

Siku niliyofika aliniambia, "Lete pasipoti nikuwekee, wewe husahau vitu." Nikampa. Kwetu wewe ndiye uliyetunza vitambulisho vya kila mtu, kwenye sanduku la bati, chini ya leso zako, kwa hiyo nilidhani kuwekewa kitu ndiko kupendwa. Sikukumbuka kwamba Baba akiuliza chake alikuwa nacho mkononi kabla hajamaliza kuuliza, pamoja na maneno yako: "Mzee, siku moja utasahau kichwa Bungoma." Mimi nimeuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema iko kazini, kwenye droo yenye kufuli. Mara ya pili alinibusu kwenye paji la uso, akaniuliza nataka kwenda wapi.

Hajanipiga. Hapazi sauti. Ananitafutia unga wa ugali duka la mbali, ananipashia glavu moto kabla sijatoka nje. Hilo ndilo linanitisha. Sina cha kumwonyesha mtu.

Kuna Nekesa, mke wa kaka yake, msichana wa Sirisia. Yeye aliomba akiwa ndani. Bado alikuwa anangoja jibu babake alipofariki, akatazama mazishi kwenye simu, amesimama jikoni, mboga zikiungua. Jumapili iliyopita, wanaume wakitazama mpira, alinifuata kwenye sinki, akafungulia maji yatoe kelele. "Sister, pasipoti yako iko na wewe ama iko na yeye?"

Nikaendelea kusugua sahani ileile.

"Basi usisaini kitu. Mimi nilisaini nikiwa na furaha, sikia."

Leo asubuhi nimemwambia Simiyu nachagua njia ya nje. Nimesema nampenda na nitamngoja. Amekoroga chai yake muda mrefu, kisha akatabasamu. "Sawa. Tutaongea." Ameosha kikombe, amekipangusa, amekusanya fomu zote zilizokuwa juu ya meza hii na kuzitia kwenye begi lake. Hata zile nilizokwisha kujaza kwa mkono wangu. Ameniambia nipumzike.

Jumamosi Nekesa na mumewe wanakuja kula. Nitaomba pasipoti mbele yao, chakula kikiwa mezani, kwa sauti ya kawaida. Akikwepa tena, Nekesa atanisindikiza ubalozi wetu nikaombe nyingine. Tumekubaliana kwa macho na kwa maneno machache. Sijui Simiyu atakuwa mtu gani akishaona kwamba nina mwenzangu.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitasaini. Nikitua nitakuja Tongaren kwanza, kabla hata ya kupita nyumbani Kitale, na nitabeba karai la saruji mwenyewe, wajomba wapende wasipende. Lakini wakiimwaga kabla sijafika, usidhani nilichagua kukaa.

Mtoto wako,
Nafula