Mchezo wa Kimya

Jumanne, 8 Oktoba

Mikono inanuka klorini hata baada ya kuoga. Hoteli imejaa watu wa semina, na watu wa semina sijui wanafanya nini na mashuka — foronya zina wino! Nilikuwa kwenye pasi kubwa simu ilipoita. Shule. Mama Chiriku, njoo sasa hivi, na baba yake aje.

Nimekuta watoto wote uwanjani. Lori lilimwaga mawe nyuma ya darasa la pili, wanajenga choo kipya. Kishindo tu, basi. Wengine walipiga kelele wakacheka. Wangu hakupiga kelele. Aliwavuta wenzake watatu, akawaingiza stoo ya vifaa vya michezo, akaburuta benchi akakinga mlango. Miaka saba! Walimu waliita, wakagonga, wakabembeleza. Kimya. Na mmoja humo ndani ana pumu.

Nikaita mimi. Chiriku, ni mama, fungua. Nikaita mpaka sauti ikanikauka. Hakufungua.

Baba yake alifika na spana mkononi, suruali imelowa mpaka magotini — katoka kwenye bomba la mtu. Hakuuliza kitu. Aliinama kwenye tundu la ufunguo, akanong'ona. Benchi likasogea. Wakatoka. Yule wa pumu midomo imebadilika rangi, mwalimu akakimbia naye zahanati. (Amepata nafuu. Wamenipigia.)

Njiani nikamuuliza mume wangu alinong'ona nini.

"Neno tu."

Neno gani?

"La kwetu, mimi na watoto."

Mimi ndiye niliyemzaa. Hakunifungulia.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwalimu mkuu amesema Chiriku akae nyumbani mpaka wazazi wote wawili tufike tujieleze. Baba wa mtoto wa pumu, yule muuza matairi, alikuwapo pia. Ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeingia stoo. Baba Chiriku hakuja. Bomba limepasuka kwa mteja. Kila kukiwa na kikao bomba linapasuka.

Nimemkalisha mtoto jikoni. Jina la Chiriku tulimpa kwa ajili ya mdomo wake, alianza kusema kabla ya kutembea. Leo maneno yametoka moja moja kama mtu anayechomolewa miiba. Ni mchezo, mama. Mchezo wa kimya. Wanacheza na baba Jumamosi mimi nikiwa zamu. Baba anapiga sufuria, wao wanajificha, atakayetoa sauti ameshindwa. Wakiitwa hawatoki. Wanatoka wakisikia neno.

"Hata akiita mama?"

"Baba alisema mtu anaweza kumlazimisha mama aite."

Nikainuka nikaanza kukoroga sufuria. Haikuwa na kitu ndani.

Halafu akanionyesha. Akapiga kofi moja. Bonge, mdogo wake — ana miaka mitatu, suruali yenyewe anaivaa nyuma mbele — akaacha mkate wake, akaingia chini ya sinki, akajikunja, akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Nikamtekenya. Nikamtekenya kwapani, pale ambapo huwa hawezi kuvumilia.

Hakucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tumegombana. Kama kugombana na mtu asiyepaza sauti kunaitwa kugombana. Alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia umeniharibia watoto. Akasuuza sahani, akaisimamisha.

"Amekosea nini? Wote walitoka wazima."

Na mwenye pumu?

Akafikiri. Alifikiri kwelikweli, sahani mkononi. "Hilo sikumfundisha," akasema. Kama mtu anayejiwekea alama ya kulifundisha wiki ijayo!

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akaendelea na vikombe.

Tumehama nyumba mbili tangu tuoane, zote kwa sababu ya milango. Ya kwanza ilikuwa na mlango mmoja. Ya pili ilikuwa na miwili, ila wa nyuma ulikuwa mgumu kufunguka. Dada yangu hunitania: wenzio wanakagua jiko, nyinyi mnakagua pa kutokea. Nami nilikuwa nacheka naye. Nilijua mume wangu alikuwa mtoto wakati wa vita. Upande wao wa nchi viliwapitia wote, wadogo kwa wakubwa. Sisi kwetu vita tulivisikia kwenye redio, baba akipunguza sauti tukiingia. Nilidhani mtu huumwa vita kama surua. Ukishapona, umepona.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilimpigia mama mkwe. Amekuja na kapu la viazi. Mwanawe alipoona mama yake ameingia na kapu akachukua mfuko wake wa spana, akatoka. Hajaitwa na mtu.

Tumekaa uani tunamenya. Yeye humenya bila kutazama kisu. Nikamweleza yote, mpaka Bonge chini ya sinki. Nilidhani atashtuka.

"Nilimfundisha mimi," akasema.

Mume wangu alikuwa rika la Chiriku wakati ule wa vita. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tangi la maji, tupu. Mama yake akamwambia ingia humu, usitoke mpaka usikie nakuita kwa lile jina ninalokuita mimi peke yangu. Mfuniko akaurudisha. Kisha akakimbilia upande wa pili, mtoto mchanga mgongoni, ili wamfuate yeye.

Watu walifika wakaita. "Waliita kwa upole, mwanangu. Waliita kama wajomba. Tokeni, kumetulia, tuna biskuti." Watoto wa jirani walikuwa wamejificha kwenye banda la kuku. Wao walitoka.

Ganda la kiazi likashuka refu, halikukatika.

Aliporudi akamkuta mwanawe hawezi kusimama, anapepesa macho kama kitoto cha paka, lakini yuko hai. "Kwa hiyo ukimwambia huu ni ugonjwa, hatakuelewa. Kwake yeye ni dawa. Ilimponya."

Nikauliza, na yule mchanga?

Akachukua kiazi kingine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Zamu. Mashine mbili mbovu, tumefua taulo kwa mikono. Sina la kuandika. Mgongo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amekuja! Amevaa shati la harusi yetu, kola imembana. Ofisini tulikuwa watano: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, muuza matairi, sisi wawili. Mume wangu akakataa kiti alichopewa, akasimama kando ya kabati, anatazama dirisha na mlango kwa pamoja.

Muuza matairi alianza. Alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli. Mwanawe angekufa. Hawezi kumleta mtoto shule akae darasa moja na kichaa. Akasema vita viliisha zamani, bwana, watu tumejenga, tumezaa, nyinyi mnavifukua vya nini? Mwalimu mkuu anaitikia kwa kichwa. Mimi nimeinamisha uso, nasubiri yaishe.

Upepo ukaupiga mlango. Paa!

Nilipoinua macho mume wangu amechuchumaa. Hilo nililitarajia. Lakini muuza matairi alikuwa chini ya meza — na kitambi kile! Mwalimu mkuu amejikunja, mikono kichwani, miwani imeanguka. Tuliobaki vitini ni mimi na mwalimu wa darasa, binti aliyezaliwa juzijuzi tu. Tunatazamana.

Hakuna aliyecheka. Muuza matairi akatoka taratibu, akajipangusa magoti. Mwalimu mkuu akaokota miwani.

"Upepo," akasema.

Ndiyo, tukasema. Upepo.

Halafu muuza matairi akamuuliza mume wangu, sauti nyingine kabisa: "Wewe ulikuwa wapi?" Mume wangu akamtajia mahali. Yule akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepajua. "Mimi wanangu siwaambii kitu," akasema.

"Hata mimi sikuwaambia," mume wangu akajibu. "Niliwachezesha tu."

Chiriku anarudi shule Jumatatu. Sharti: baba aende kwa mshauri wa hospitali, yule mama wa siku za Jumatano. Akakubali. Ameomba radhi pia, ingawa aliiomba akilitazama kabati, hakumtazama mtu. Mlangoni muuza matairi alimshika bega. Wakasimama hivyo, wanaume wawili wazima.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimebadilishana zamu ili nishinde nyumbani. Mume wangu hajui Jumamosi inafanywaje. Ametafuta mpira, akawapigia watoto uani. Wanaurudisha kwa adabu, kama watu wanaopeana chumvi mezani. Bonge akauliza, na mchezo?

Hakuna tena mchezo, baba yake akasema.

Chiriku akamtazama. Sikuipenda ile namna ya kumtazama. Ni jicho la muuguzi.

Jumatano, 23 Oktoba

Amekwenda kwa mshauri. Amerudi, nikamuuliza imekuwaje. "Alinipa kiti kinachotazama ukuta. Nikakigeuza. Akanisifu." Kumbe kugeuza kiti ni jambo la kusifiwa! Tukacheka kidogo, wote wawili. Muda mrefu hatujacheka kitu kimoja.

Akalala mchana wote, mdomo wazi. Nilikwenda zamu nikiwa mwepesi. Nilimwambia mwenzangu wa kwenye pasi, nadhani tunavuka.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mwalimu wa darasa amenisubiri getini. Chiriku ni mtulivu, anasema, hana ugomvi, hata lori likija hashtuki. Ila analala. Anaweka kichwa kwenye dawati saa mbili asubuhi, anakoroma. Leo wenzake walimchora masharubu kwa kalamu na hakuamka.

Nimeyasugua masharubu kwa sabuni. Nikamuuliza, mwanangu, hulali usiku?

"Nalala."

Macho yana mikunjo chini. Mtoto wa miaka saba, macho ya mtu wa zamu ya usiku. Nayajua hayo macho, ninayo mwenyewe. Nitampeleka apimwe damu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mume wangu alikuwa amelala chali chini ya sinki anabadilisha koki isiyo na kasoro. Ndipo huongea, akiwa amelala hivyo na sioni uso. Akasema mshauri alimuuliza swali moja limemkaa kooni. Wewe ukiogopa, mtoto wako anafanya nini?

Basi wiki hii amekuwa akitazama. Chiriku anakula akimtazama yeye. Pikipiki ikipita, hautazami mlango, anamtazama yeye. "Mimi ndiye kelele," akasema.

Ameamua aende kwa mama yake. Si kuachana, akasema haraka. Ni mpaka wasahau. Watoto husahau upesi wasipoona kitu kila siku.

Sikumwambia kaa. Sikumwambia nenda. Nilimpa ile spana ndogo aliyokuwa anaipapasa sakafuni. Na ukweli — hapa hasomi mtu, naweza kusema — kitu kimelegea kifuani, kama unapovua viatu baada ya zamu. Halafu nikaona aibu. Nimechoka kuolewa na mlango wa nyuma. Nampenda. Yote mawili.

Jumapili, 27 Oktoba

Naandika nikiwa kiti cha sebuleni, karatasi kwenye goti. Kazini nilitakiwa niwe nimefika.

Asubuhi alifungasha begi. Nguo chache, wembe, redio. Alimbeba Bonge akamzungusha, akamwambia baba anakwenda kumsaidia bibi kurekebisha mabomba. Bonge akasema sawa. Baba yake akageuka kumuaga Chiriku.

Chiriku akatoka chumbani amebeba mkoba wa shule mgongoni. Umevimba. Ndani sare, mswaki, sweta na mkate umefungwa kwenye kitambaa.

"Twende," akasema.

Baba yake akachuchumaa. Wewe unabaki na mama na mdogo wako. Utakuja kututembelea kwa bibi. Mtoto akatikisa kichwa, hana hasira, ni kama mtu mzima anayeeleza jambo la wazi kwa asiyeelewa.

"Huko bibi amezeeka, analala sana. Nani atakaa macho?"

"Kwa nini mtu akae macho?"

"Ili ulale." Akanitazama kuona kama mimi naelewa. "Baba hawezi kulala kama hakuna mtu macho. Kwa hiyo nikisikia anageuka-geuka kitandani, natoka nakaa hapa." Akaonyesha mkeka mlangoni. "Nakohoa kidogo ajue kuna mtu. Halafu analala."

Mume wangu akauliza, nani alikuambia ufanye hivyo?

"Hakuna. Nilijua tu."

Tangu lini?

Akainua mabega. Zamani. Tangu Bonge hajatembea.

Kile kikohozi! Nimempa dawa ya kikohozi chupa ngapi mimi?

Mume wangu aliketi sakafuni, si kuketi, alishuka tu kama shuka linaloteleza kwenye kamba. Nilidhani atalia. Hakulia. Alimvua mtoto mkoba taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili, akauweka juu ya begi lake. Akasema leo tunalala mimi na wewe, mchana huu huu. Sote wawili.

"Na nani —"

"Mama," akasema. "Mama atakaa macho."

Hakuniuliza. Nikasema ndiyo, nitakaa.

Wamejilaza mkekani, bega kwa bega. Bonge ameona ni kitu cha kufanya, amejibwaga juu ya miguu yao. Yeye alilala hapo hapo. Mume wangu amefumba macho lakini taya linacheza. Chiriku anayabana macho kwa nguvu, paji lote limekunjamana. Begi na mkoba viko pale mlangoni. Baba yao hajasema kama bado anakwenda. Sijauliza.

Nimekohoa kidogo. Taya la mume wangu limetulia.

Simu inatetemeka mezani, ni msimamizi, mara ya tatu hii. Nikinyoosha mkono kuichukua, kiti kinalia, na jicho moja la Chiriku linafunguka. Linanitafuta. Likinikuta, linafumba tena.